Mrejesho: kundi la WhatsApp la majirani wa Kisauni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza ni vipi kundi letu la WhatsApp, lenye majirani zaidi ya 200, lingeweza kuwa la watu wanaojuana badala ya kuwa gulio la matangazo na jumbe za kusambazwa. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Ushauri wa kumkaribisha kila mgeni kwa ujumbe wa sauti, kwa jina lake na mtaa anaokaa, ulifaa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wengi walijibu kwa sauti zao na tukaanza kutambuana hata dukani. Kukutana ana kwa ana hakukuanza vizuri: tulipoitana kwenye bustani ya Mama Ngina, kule kisiwani Mombasa, tulifika wanne, mmoja wao ndugu yangu, na mahamri nikarudi nayo nyumbani. Kumbe nauli na umbali ndivyo vilivyowazuia watu, maana tulipohamishia kikao kwenye baraza la jirani baada ya Magharibi, wakaja 19, na kahawa ikatuishia mapema.

Kupiga marufuku matangazo kulinishinda. Mama mmoja anayeuza viazi karai alijitoa kwa uchungu, na alikuwa na haki. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, akarudi, na sasa matangazo yana siku yake, Ijumaa. Vijana bado hawaji barazani. Mwenye njia ya kuwavuta anieleze, tafadhali.