Bia mbili kwa kimea cha mara moja: nisuuze vipi?

DeliNaKoki:
Wakuu, nina kilo 8 za kimea cha shayiri, deli la lita 50 lililofungwa koki na chujio chini, na sufuria mbili za lita 25. Nataka bia nzito na bia nyepesi kutoka kimea hichohicho. Maji ya kusuuzia (kuosha sukari inayobaki kwenye kimea) niyamwage kwa mkupuo au yadondoke polepole? Na bia ya pili nitaiepushaje na ukakasi?

Machicha:
Mkupuo, mkuu. Kudondosha kunakamua sukari zaidi kidogo, ila kunakudai dakika 45 hadi 60 za kulinda koki, huku maji yakisimama sentimita chache juu ya kimea muda wote. Kwa bia mbili, mkupuo unakupa mgawanyo unaoweza kuupigia hesabu kabla hujawasha jiko.

Loweka kwa lita 24 za maji, rojo (mchanganyiko wa kimea na maji) litulie nyuzi 66 kwa saa moja. Fungua koki kidogo, rudisha juu lita chache za kwanza hadi zitoke bila chembe, kisha kusanya. Kimea kinabaki na takriban lita moja kwa kila kilo, hivyo utapata lita 16 zenye uzito wa karibu 1.080 (maji matupu ni 1.000; sukari ndiyo inayoongeza). Funga koki, mwaga lita 16 za nyuzi 82 (rojo litapanda hadi kama 74), koroga hadi chini kabisa, subiri dakika 10, rudisha tena juu, kusanya. Hizo zitakuwa karibu 1.035.

Sufuria ya pili isikae vuguvugu ikingoja zamu ya jiko. Bakteria wa kimea wataichachua. Ipandishe juu ya nyuzi 75 mara moja.

Tindikali:
Ukakasi unatokana na pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) kuliko joto peke yake. Sukari ikipungua, kimea hakizuii tena pH isipande, hasa kwa maji ya kisima yenye chokaa. Ikivuka 6 huku kuna joto, tanini ya maganda, ndiyo yenye ukakasi, inatoka. Tia asidi laktiki kwenye maji ya kusuuzia, matone machache kwa wakati, hadi pH ifike 5.5 hivi. Ukitaka kukamua zaidi ya hizo lita 16, acha uzito ukifika 1.010. Sampuli ipoze hadi nyuzi 20 kabla ya kutumbukiza haidromita (kipimo cha uzito huo). Ya moto inasoma chini ya uhalisia.

Hopsi (maua ya kutia bia uchungu) za sufuria ya pili punguza. Maji mepesi huvuta uchungu zaidi kuliko mazito.

DeliNaKoki:
Shukrani. Nikitaka tofauti isiwe kubwa hivyo? Na koki ikiziba?

Machicha:
Badilishana lita 4 kati ya sufuria kabla ya kuchemsha. Piga hesabu kwa tarakimu za baada ya 1.0 pekee. Ya kwanza: (12×80 + 4×35) ÷ 16 = 69, yaani 1.069. Ya pili: (4×80 + 12×35) ÷ 16 = 46. Zikipoteza lita 3 kila moja kwenye mchemko, zitafika kama 1.085 na 1.057. Kiwanda cha bia cha Fuller's cha London nao huchanganya namna hii, ila wao huchanganya baada ya kuchemsha.

Ukiona ya pili haina mwili, yaani ni nyepesi mno mdomoni, ongeza gramu 500 za kimea cha karameli kabla ya kumwaga maji ya kusuuzia. Rangi na ladha vitaingia huko tu.

Tindikali:
Kuziba mara nyingi ni koki iliyofunguliwa yote mwanzoni: kimea kinavutwa chini na kushikamana. Funga, koroga, pumzisha dakika 10, anza na mtiririko mwembamba. Ukichanganya ngano au mtama, ambavyo havina maganda ya kuchuja, weka gramu 400 za maganda ya mpunga yaliyooshwa kwa maji moto. Yawe maganda yenyewe, si pumba laini ya kuku. Hiyo itaziba zaidi.