Tiba ya akili kwa ngazi: sawa, lakini wa unga (heroini) asianzishiwe chini

Jamani wa Mombasa hili tulijadili. Kuna wanaotaka matibabu ya akili na uraibu yaende kwa ngazi, yani mtu anaanza na msaada mwepesi, vikao kadhaa vya ushauri hapo dispensari ya mtaani, asipopata nafuu anapandishwa kwa daktari, kulazwa ndio mwisho. Uingereza walianza mpango wa hivyo 2008 na kila kikao mgonjwa anajaza maswali 9 ya PHQ-9, fomu ya kupima sonona, alama 0 mpaka 27, kwa hivyo akiwa haponi inaonekana mapema.

Kwa sonona na wasiwasi mie naunga mkono mia fil mia. Zimbabwe wamefanya, na si ati wana pesa kutushinda: kina nyanya waliofunzwa wanakaa na mgonjwa kwa benchi la kliniki wanamsikiliza, na utafiti wa Harare wa watu 573 uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliokaa na hao nyanya wako afadhali sana kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka majumbani, wafunzwe basi.

Lakini unga, hapo nakataa. Teja yuko na arosto, yani mwili unadai unga, jasho lamtoka, tumbo lamwendesha, mifupa yote yauma, utamwambiaje akae vikao sita kwanza halafu tuone? Huyo apimwe aanzishiwe methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto. Na mlevi wa kila siku ukimwambia aache ghafla yuko nyumbani anaweza kushikwa na kifafa akafa, yeye hospitali kwanza, ushauri baadaye.

*Jibu:*
Kaka nakuelewa ila ukifungua mlango wa juu kwa kila mtu foleni itawamaliza waliozidiwa. Tena methadoni si ni uraibu kwa uraibu? Mie naona bora mzazi ajikaze ampeleke mtoto rihabu miezi mitatu atoke safi.

*Jibu:*
Dada yangu, kwa heshima, hilo la rihabu peke yake ndilo linanitia hofu zaidi. Akikaa miezi mitatu bila unga mwili ushapoteza uzoefu, akitoka akirudi maskani akipiga kipimo kile kile cha zamani pumzi inakata, na nyumbani watu wanalia wanasema lakini si alikuwa ashapona. Methadoni anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anaongeleshwa kidogo ihakikishwe amemeza, anaenda zake kazini bila arosto na bila kuchangia sindano, ukimwi na homa ya ini zinapungua. Uraibu ni kuiba bati la jirani ukauze upate kete, huyu anaenda kazini.

Foleni ni kweli, sikatai, lakini dawa yake ni kuongeza madirisha ya kutolea methadoni. Mtu wa Likoni akiandikishwa Kisauni ni feri na matatu kila siku ya Mungu mpaka Jumapili, kibarua atashika saa ngapi?

Kaunti ikileta ngazi mhudumu wa chini apewe ruhusa ya kumpandisha mgonjwa siku hiyo hiyo, bila njoo kesho. Manake ninachoogopa mie ni hizi za chini kujengwa haraka kwa vile ni rahisi, halafu anayepandishwa akifika juu hakuna daktari wala kitanda. Nyinyi mnaokaa na wagonjwa nyumbani, huko juu mlikuta nini?