Jina la Jaan Tomp: lilistahili kung'olewa ukutani Tallinn?

Msomaji wa Pwani
Wandugu, kuna jambo linaninyima raha tangu juzi. Kule Tallinn, mji mkuu wa Estonia, nchi jirani na Urusi, mtaa wa Kalamaja, lipo jumba kubwa la utamaduni ambalo leo linaitwa Salme. Enzi za Sovieti, Estonia ilipokuwa chini ya Moscow, lilibeba jina la Jaan Tomp. Huyu alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mkomunisti, tena mbunge halali: uchaguzi wa 1923 orodha ya umoja wa wafanyakazi ilipata viti 10 kati ya 100, naye akaingia. Januari 1924 ikapigwa kamatakamata ya wakomunisti. Novemba wakapandishwa kizimbani watu 149 kwa mpigo. Tomp hakuimaliza kesi ile. Kwa yale aliyoyasema na kuyafanya mle mahakamani alitolewa, akapelekwa mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi tarehe 14 mwezi huohuo. Estonia ilipopata uhuru wake tena, jina halikubaki. Mimi nasema hapo alionewa mara ya pili. Nyinyi mwasemaje?

Bin Seif
Kaka, huruma yako ni ya upande mmoja. Tarehe 1 Desemba 1924 alfajiri wenzake walivamia mji. Vijana wa chuo cha kijeshi pale Tondi wakauawa, waziri Karl Kark akapigwa risasi kituo cha treni. Aliyeongoza mambo hayo umpe ukuta wa nini? Na viongozi wa vyama vya wafanyakazi ndivyo walivyo popote: mdomoni mshahara, moyoni kiti.

Kuli wa Gati
Bin Seif, ya Estonia nawaachia wasomi, lakini hilo neno lako la mwisho limenichoma na silimezi. Nimefanya kazi bandarini miaka 19. Siku moja waya wa winchi ulikuwa umeanza kufumuka. Ukipitisha mkono, nyuzi zinadaka glavu kama miiba ya mchongoma. Msimamizi anasema meli inasubiri, pandeni. Mwakilishi wetu wa tawi akaenda akakaa chini ya mzigo. Akasema, kama waya ni mzima basi nyanyueni nikiwa hapa. Hakuna aliyenyanyua. Waya ukabadilishwa saa tisa mchana, na yeye mwezi uliofuata akahamishiwa ghala la mbali, peke yake. Kiti gani alikipata? Niambie!

Bin Seif
Ndugu yangu sikukutaja wewe wala mtu wako. Mbona unavaa kofia isiyoshonewa kichwa chako?

Kuli wa Gati
Umesema "popote". Gati langu halimo katika popote?

Kijana wa Ujiji
Tulieni wakubwa. Huyu Tomp si ndiye mwenye mji wake kule Urusi hadi leo?

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, mnachanganya maiti. Mwenye mji ni Viktor Kingissepp, mkomunisti aliyeuawa Mei 1922. Yamburg ya Urusi ikapewa jina lake na bado inalo. Sovieti wakalibandika tena kwenye mji wa Kuressaare, kisiwani Saaremaa, kuanzia 1952, na wenyewe wakalibandua 1988. Huyo si Tomp.

Nawe Bin Seif, angalia tarehe zako. Tomp ameuawa 14 Novemba. Uasi umetokea 1 Desemba. Siku 17 zimepita yumo kaburini. Wengi wa wale 149 nao walikuwa tayari wamefungwa. Huwezi kumhukumu mtu kwa mvua iliyonyesha baada ya mazishi yake.

Bin Seif
Tarehe nimekosea, nakubali mbele ya wote. Lakini hoja iko palepale. Chama ni kilekile, na uasi ule uliandaliwa kwa msaada wa Komintern, ule umoja wa vyama vya kikomunisti vya dunia, kutoka Urusi. Wavamizi hawakufika hata 300, na kabla ya adhuhuri wamekwisha kushindwa. Mbona wafanyakazi wa Tallinn hawakutoka majumbani kuwaunga mkono? Kwa sababu nchi ilikuwa changa na watu waliipenda. Oktoba 1919 bunge lao liliyachukua mashamba ya makabaila wa Kijerumani yakagawiwa wakulima. Hayo yalipitishwa na Waestonia wenyewe, bila Moscow.

Na jingine. Tomp alijitakia. Mtu mwenye akili akifika mbele ya hakimu hunyamaza.

Mama Nuru
Nimekuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Sasa naandika.

Mwanangu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kazini. Kiwandani ilipotea mifuko ya sukari. Siku iliyopotea hakuwa zamu, alikuwa na mimi hospitali, kadi ninayo. Wajomba zake wakamshauri hivyohivyo ulivyosema, Bin Seif: nyamaza, inama, watakuhurumia. Akanyamaza. Alisimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili hadi ikajikunja. Wakampa karatasi, akatia saini bila kusoma hadi mwisho. Karatasi imeandikwa "amekiri", na kazi akaachishwa. Sasa niambie, kunyamaza kulimpa nini?

Kijana wa Ujiji
Pole sana mama.

Bin Seif
Mama, pole. Wallahi sikumkusudia mwanao. Nilikuwa nazungumzia mwanasiasa.

Mama Nuru
Hakimu ni hakimu. Anayeogopa anaogopa vilevile.

Msomaji wa Pwani
Naomba turudi kwenye jina na jumba.

Kuli wa Gati
Jumba litasubiri. Mama, kijana ana nakala ya hiyo karatasi?

Nipo Tallinn
Salamu kutoka baridini. Jumba hilo nalipita nikienda kazini. Niwape upande ambao humu hamjauona. Ghorofa ninayokaa yupo bibi mmoja, namsaidia kupandisha vitu vyake vya sokoni. Jikoni kwake, nyuma ya mlango, umening'inia mfuko wa kitani umejaa vipande vya mkate mweusi mkavu. Nilidhani ni wa ndege. Akaniambia ni wake. Machi 1949 alikuwa mtoto, Sovieti wakampakia kwenye behewa la ng'ombe pamoja na mama yake hadi Siberia. Siku zile walichukuliwa watu kama 20,000, wengi wanawake, watoto na wazee. Juni 1941 walikuwa wamekwisha kuchukuliwa kama 10,000. Tangu arudi hajawahi kutupa mkate.

Nilimuuliza kuhusu Tomp. Alisema: jina hilo lililetwa na wale walioleta mabehewa. Basi. Nyinyi mnabishana kama alikuwa mtu mzuri, yeye anauliza nani alilipigilia msumari ukutani.

Msomaji wa Pwani
Ndugu uliye Tallinn, hilo limeniingia. Lakini Tomp amekufa 1924 na mabehewa ni ya 1949. Marehemu hachagui nani atalitumia jina lake.

Nipo Tallinn
Kweli hachagui. Na waliolitumia waliwaua wenzake pia. Jaan Anvelt, aliyeongoza uasi wa Desemba, alikimbilia Urusi. Mwaka 1937 akafia mikononi mwa polisi wa siri wa Stalin, wakimhoji. Hans Pöögelmann akauawa 1938 hukohuko. Tomp angekimbia risasi ya Tallinn, nahisi angeikuta ya Moscow.

Bin Seif
Hapo umesema nilichotaka kusema tangu mwanzo.

Mwalimu Mstaafu
Hukutaka kusema hivyo, Bin Seif. Ulisema alijitakia.

Nami sitaki tumfanye Tomp mjinga wa Moscow tu. Agosti 1919, vita vya uhuru dhidi ya Urusi ya Kisovieti bado vinaendelea, vyama vya wafanyakazi vya Estonia vilifanya mkutano wao mkuu. Serikali ikauvunja. Wajumbe wengi wakasukumwa kuvuka mstari wa vita kwenda upande wa Urusi, na 25 kati yao wakapigwa risasi na jeshi la Estonia huko Irboska. Hawa walikuwa wajumbe wa mkutano, hawakushika bunduki. Mfanyakazi aliyeyaona hayo ungemwambia nini kuhusu bunge na sheria? Nimefundisha historia miaka 31 na kila mwaka kuna mwanafunzi aliyeniuliza kwa nini watu hufuata wakali. Jibu langu lilikuwa kwamba mara nyingi wapole wamekwisha kuuawa.

Nipo Tallinn
Mwalimu, hapo sikubali. Wapole hawakuisha. Chukua nyumba moja tu. Johannes Lauristin, mkomunisti, alifungwa miaka, akaachiwa kwa msamaha wa 1938, mwaka 1940 Sovieti wakampa uongozi wa serikali. Agosti 1941 akafia baharini wakiikimbia Tallinn. Binti yake Marju alizaliwa 1940. Ndiye huyo aliyekuwa mstari wa mbele wa vuguvugu la umma la 1988 lililoirudishia Estonia uhuru, akaongoza chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia, akawa waziri wa ustawi wa jamii. Mrengo wa kushoto baba na mtoto, lakini mtoto hakuhitaji jeshi la mtu.

Mwalimu Mstaafu
Huo mfano ni mzuri, nitautafakari. Ila binti alikuta 1988. Tomp alikuta 1919.

Bin Seif
Mimi la jina nasema liondoke na limeondoka vizuri, kwa sababu ya yule bibi na mkate wake. La kumpiga risasi mbunge kwa maneno ya kizimbani, nimelipitia usiku kucha, silitetei tena. Kama ana kosa wangemmalizia kesi yake na wale wenzake. Na Kuli, lile neno "popote" nalifuta.

Kuli wa Gati
Nimelipokea. Mama Nuru hajanijibu.

Mama Nuru
Nilikuwa jikoni. Nakala anayo, iko kwenye bahasha.

Kuli wa Gati
Dada, sikiliza vizuri. Kama ni huku Tanzania, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, utaanza kwanza kuomba wakusikilize kwa kuchelewa. Beba karatasi, beba na ile kadi ya hospitali yenye tarehe. Aliachishwa lini?

Mama Nuru
Leo ni siku ya 22.

Msomaji wa Pwani
Mama, ofisi zinafunguliwa kesho asubuhi. La jumba tutaliendeleza baadaye.

Mama Nuru
Nimemwambia. Anatafuta shati.