Msimamizi anataka nitumie kopasi, naanzia wapi?

binti_uzamili
Habari za jioni wakuu. Tasnifu yangu inahusu upatanisho wa kisarufi, yaani maneno yanavyokubaliana kwenye sentensi: marafiki zangu au marafiki wangu, ndugu zetu au ndugu wetu. Nimepeleka sura ya kwanza, msimamizi kairudisha na wino mwekundu pembeni: "Mifano yote umeitunga mwenyewe. Tumia kopasi." Nimefungua makala mbili, zote zimejaa fomula. Naombeni msaada.

kitenzi_kikuu
Fomula ziache kwanza, binti. Kopasi ni mkusanyo wa matini halisi, zilizoandikwa au kusemwa na watu, uliowekwa kwenye kompyuta kwa mpango maalumu. Huo mpango ndio kazi yenyewe. Francis na Kučera wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, miaka ya 1960 walichukua vipande 500 vya maneno kama 2,000 kila kimoja, vyote vya maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961: magazeti, hadithi, dini, nyaraka za serikali. Maneno milioni moja tu, ila kila kipande kinajulikana kilikotoka. Wewe ukijaza kurasa za michezo tupu, utakuwa umechunguza Kiswahili cha Simba na Yanga.

Kiswahili kina kopasi ya Helsinki, kazi ya Arvi Hurskainen, yenye maneno yapata milioni 25, tena maneno yake yamewekewa alama za kisarufi. Lakini kwa kujifunza pakua AntConc, programu ya kutafuta maneno ndani ya matini, ni bure. Weka matini zako, tafuta "marafiki". Kila tokeo litakaa kwenye mstari wake, neno lako katikati. Panga kwa neno la kulia: "wangu" zitakaa pamoja, "zangu" pamoja. Sasa soma kushuka chini taratibu, nani kaandika nini, wapi. Mimi hapo hukesha.

mtoto_wa_mvita
Kwa hiyo kosa la gazetini likirudiwa mara elfu linakuwa sahihi? Na hiyo Helsinki ina Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha bibi yangu?

kitenzi_kikuu
Sahihi ni kazi ya walimu na mabaraza. Kopasi inakuonyesha kinachotumika, basi. La bibi nakubali: kopasi ya maandishi haimsikii. Neno lisipoonekana humo, usiseme watu hawalisemi.

binti_uzamili
Nimeiweka. Nikitafuta "rafiki" naletewa umoja tu, "marafiki" hawaji.

kitenzi_kikuu
Inatafuta neno zima, na lugha yetu inabadilisha maneno kwa mbele. Tia nyota: *rafiki. Watakuja marafiki, na urafiki na kirafiki, na askari wote wa trafiki waliomo. Hao watoe kwa mkono. Ukianza kulinganisha magazeti na riwaya, geuza hesabu ziwe kwa kila maneno milioni, maana mafaili hayalingani ukubwa. Fomula ya kwanza hiyo, ni kugawanya na kuzidisha tu.

mtoto_wa_mvita
Bibi anaweza kurekodiwa lakini?

kitenzi_kikuu
Akiridhia, mrekodi leo leo. Kuandika neno kwa neno saa moja ya sauti kutakula siku nzima, jiandae.