Mjadala: Pikapu ya dizeli iliyoongezwa nguvu iruhusiwe kuvuta tela lisilo na breki?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Msimu wa mavuno ukifika, barabara ya Iringa kwenda Morogoro inajaa pikapu zenye matela. Nyanya na vitunguu vya Ilula, mbao za Mafinga, mahindi, matangi ya maji. Tela lenyewe sina ugomvi nalo, maana linamwepusha mkulima gharama ya kukodi Fuso kwa mzigo usiojaa. Ninachopinga ni mtindo ulioota mizizi kwenye gereji zetu: gari linachoka mlimani, mwenye gari anafungiwa tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) au anabadilishiwa programu ya injini, kesho yake anaongeza mzigo, na breki hakuna aliyezigusa.

Msimamo wangu ni huu. Tela lolote ambalo uzito wake pamoja na mzigo unazidi kilo 750 lisiingie barabara kuu bila breki zake lenyewe. Na pikapu iliyoongezwa nguvu ikaguliwe breki, springi na chuma cha kufungia tela kabla haijaruhusiwa kuvuta.

Hizo kilo 750 sikuziokota njiani. Ndio mpaka unaotumika Ulaya, Australia na Afrika Kusini. Toyota wenyewe, kwenye Hilux ya dizeli ya lita 2.8, wanaruhusu katika masoko mengi kuvuta hadi kilo 3,500 kama tela lina breki. Kama halina, ni 750 tu. Gari ni lile lile, injini ile ile. Kinachotofautisha namba hizo mbili ni breki za tela.

Fanyeni hesabu. Pikapu ya kilo 2,000 ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, breki zake zina takriban kilojuli 490 za nishati ya kumeza na kugeuza joto mpaka isimame. Ifungie tela la kilo 2,500 lisilo na breki, kilojuli zinafika kama 1,110. Padi hazikuongezeka, diski hazikuongezeka. Hapo ni tambarare. Ukiwa unashuka Kitonga, ule mlima mkali wa barabara hiyo hiyo, kila mita unayoshuka inaongeza joto jingine juu ya hilo, na hakuna nafasi ya padi kupoa. Tabo inakusaidia kupanda. Kushuka haikusaidii chochote.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Mkulima, Kilolo

Mimi napinga, na nitasema kwa nini. Sheria za namna hii zikitungwa, wa kwanza kuumia ni sisi wenye tela moja la kuchomelea mtaani. Sitakuwa na karatasi ya ukaguzi, nitasimamishwa kila baada ya kilomita kadhaa, na kila anayenisimamisha atakuwa na bei yake. Nyanya hazisubiri.

Halafu mleta mada anazungumza kama vile nguvu ni anasa. Umewahi kukaa nyuma ya pikapu ya zamani isiyo na tabo inayopanda Kitonga na mzigo? Inatambaa. Nyuma yake kuna basi, lori la mafuta, na watu wenye haraka wanaoanza kulipita gari kwenye kona wasiyoiona mbele. Gari lenye nguvu linatoka njiani mapema. Huo nao ni usalama.

Fundi, Dar es Salaam

Mkulima ana hoja kwenye hilo la nguvu, lakini niongee kama mtu ninayezifungua hizi injini.

Land Cruiser nyingi za kazi zinatumia injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, nguvu za farasi takriban 130. Ilitoka kiwandani bila tabo na ndiyo maana inadumu. Mgandamizo wake, yaani kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake, 1HD-T, aliyezaliwa na tabo, ana kama 18 hadi 19 kwa 1, na nozeli zake zinapuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Hewa iliyokwisha kubanwa sana hivyo, ukiiongezea ya tabo, joto na shinikizo vinapanda. Kwa hiyo ukiifungia 1HZ tabo, unaweza, wengi wamefanya, ila presha ya tabo iwe ndogo na dizeli isiongezwe kwa pupa. Ukiona moshi mweusi mzito mlimani, hiyo ni dizeli iliyokosa hewa, na joto linapanda kwenye pistoni na silinda hedi. Geji ya rejeta haitakuambia mapema. Funga geji ya joto la moshi kwenye ekzosi kabla ya kufunga kitu kingine chochote.

Injini mpya zenye kompyuta zina mtego wake. Programu inabadilishwa kwa muda mfupi, gari linakuwa jepesi, mteja anafurahi. Klachi haijui kama umebadilisha programu. Itaanza kuteleza na tela mlimani. Giaboksi ya otomatiki inachemsha mafuta yake, na bila kipoozaji cha ziada utarudi kwangu na maumivu makubwa zaidi ya yale ya mwanzo.

Nikiletewa pikapu ya kuvuta, mpangilio wangu ni breki kwanza, kisha rejeta na feni, klachi, springi za nyuma, matairi ya mzigo. Nguvu ni ya mwisho, na mara nyingi tukifika hapo mteja anagundua hakuihitaji.

Kuhusu hesabu ya mleta mada, nimrekebishe kidogo. Breki za pikapu hazikupimwa kwa gari tupu, zimepimwa likiwa na mzigo wake, karibu tani tatu zote pamoja. Kwa hiyo ongezeko si mara mbili na zaidi, ni kama mara moja na nusu.

Dereva mstaafu wa lori

Vijana, mnasahau namna mzigo unavyopangwa. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela inatakiwa ilale kwenye ndoano ya gari. Ukijaza nyuma ya ekseli ya tela, litacheza mkia, na likianza kucheza kwenye mteremko, kukanyaga breki za gari peke yake kunaliongezea wazimu. Nguvu ya injini haina jibu hapo. Breki za tela zinalivuta linyooke.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu, na asante. Fundi, nimekubali marekebisho, ingawa mara moja na nusu juu ya kipimo cha mwisho kabisa bado ni hatari. Na juu ya aliyosema mzee, tela lisilo na breki linasukuma gari. Ukifunga breki kwenye kona, gari linakunjwa na mzigo wake mwenyewe.

Mkulima, hoja yako ya kusimamishwa ovyo ndiyo nzito kuliko zote hapa. Nakubali sheria isiyo na njia nyepesi ya kuitimiza inageuka mradi wa watu. Ndiyo maana sitaki ukaguzi wa kila safari. Tela likaguliwe mara moja kwa mwaka, lipigwe kibati chenye uzito wake wa mwisho, na asiye na kibati apewe muda wa kutosha kabla ya kutozwa faini.

Kuhusu gharama, tazama tela lako. Mengi yametengenezwa kwa ekseli ya gari bovu, na ekseli hiyo ilikuja na ngoma za breki. Kinachokosekana ni kiunganishi cha mbele kinachosukumwa gari likipunguza mwendo na kuvuta waya wa breki. Hakina umeme, hakina kompyuta. Ni chuma, springi na waya. SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) wangeweza kufundisha mafundi wa kuchomelea kuvitengeneza Iringa, Mafinga na Makambako, vikapimwa kabla ya kuuzwa. Mkulima akikipata kwa bei inayolingana na seti ya matairi, sioni kisingizio.

Swali langu kwako, Fundi: ngoma za ekseli zilizokaa miaka bila kutumika, ni ngapi kati ya unazoziona zinafufulika, na zipi ungezitupa?

Fundi, Dar es Salaam

Zilizoshika kutu juu juu zinachongwa na kurudi kazini. Zenye ufa, au zilizochongwa zikapita kipimo kilichoandikwa kwenye ngoma yenyewe, hizo natupa. Viatu vya breki weka vipya, usiokote vya zamani. Na waya ukaguliwe kila msimu, kwa sababu matope ya Ilula yanaukamata kabla ya kitu kingine.