Vyura wanataga kwenye kidimbwi changu, viluwiluwi sivioni: naombeni ushauri

Bustani_Kajjansi: Salaam wadau. Nina kidimbwi nyuma ya nyumba, nimepanda mafunjo na yungiyungi. Tangu mvua za Machi zianze vyura wanaimba usiku kucha. Asubuhi naona mayai kama mlenda, kesho yake hayapo. Watoto wangu hawajawahi kuona kiluwiluwi akiota miguu. Nakosea wapi?

Mama_Jinja: Maji ya bomba au ya mvua? Ya bomba yana klorini, yaache kwenye pipa siku moja mbili kwanza. Na kingo zisiwe wima, panga mawe yateremke taratibu ili kichura kipate pa kupandia.

Askari_Mstaafu: Kambini Mbarara tulifukia kila dimbwi kwa ajili ya malaria. Wewe unafuga mbu! Jirani wanasemaje?

Bustani_Kajjansi: Hawalalamiki mzee wangu, mbu hakuna.

Nyikani_Arua: Maji yametuama, masika haya, na mbu hakuna? Banange, hii hadithi imetungwa. Au kuna kitu humo hujakisema. Weka picha.

Bustani_Kajjansi: Sijatunga. Kuna kambare wachache, niliwaweka ili wale viluwiluwi vya mbu. Lakini ni wapole, mchana kutwa wamejificha chini.

Nyikani_Arua: Mchana! Kambare huwinda usiku, ananusa na kupapasa kwa masharubu, hahitaji kuona. Mayai ya chura kwake ni chakula tu. Watoto wa kereng'ende nao hukulia majini wakila viluwiluwi vya mbu, kazi ileile uliyompa kambare, naye anawameza. Watoe kambare wote.

Tooro_Boy: Kambare wa moshi na matooke, shauri limekwisha 😂

Mama_Jinja: Ukiwahamisha usiwaweke karibu. Kambare hutambaa nchi kavu mvua ikinyesha. Dada yangu alimkuta mmoja katikati ya njia, akadhani ni nyoka, mtaa mzima ukaamka.

Askari_Mstaafu: Fukia.

Bustani_Kajjansi: Kuwatoa siwezi, kitinda mimba wangu ameshawapa majina. Nimeanza kuchimba kidimbwi cha pili chini ya mpera, cha vyura peke yao.

Nyikani_Arua: Sawa, ila kiwe mbali na hicho, kina kisipite magoti, upande mmoja uwe na mteremko. Samaki usiweke hata mmoja, hata ngege mdogo. Na picha ya kambare bado naidai.