Ukoo wa Majengo: Safari ya Picha za Nyota, Gazi

JUMATATU

20:41 Fatma: Assalaam aleykum jamaa. Safari ya picha ni Jumamosi hii, tarehe 15, Gazi. Mwezi mpya ni Jumatano, kwa hivyo Jumamosi bado mchanga na unatua kabla ya saa tatu usiku. Baada ya hapo giza lote ni letu. Nataka majina kufikia kesho magharibi nijue viti vya gari.

20:42 Fatma: Anayekuja aandike "naja". Kidole gumba sikihesabu.

20:58 Mishi: naja

21:33 Fatma: Mishi peke yake? Naona mmesoma watu kumi na tisa.

21:47 Swaleh: Mbona Gazi tena? Twende Vuma. Mimi niko Mtwapa, Takaungu ni hapo tu, na lile jabali lina sura.

21:55 Fatma: Vuma inatazama mashariki, Swaleh. Mwezi wa nane kitovu cha Njia Nyeupe saa mbili u nusu usiku kiko kusini, juu sana, kama digrii 65, kisha kinaegemea kusini-magharibi. Ukisimama Vuma ukaipiga bahari, kitovu hakimo kwenye picha. Ukigeuka ukifuate, wakuta mashamba, na kusini kwako ndiko taa za Mombasa na bandari, ule mng'ao wa manjano unapanda hapohapo unapopataka. Gazi ni kama kilomita 50 kusini ya mji. Mng'ao wa Mombasa na wa Diani yote yako nyuma yetu.

21:57 Fatma: Vuma ina wakati wake. Mwezi wa tatu kabla ya masika, kitovu huchomoza mnamo saa sita na nusu usiku kusini-mashariki, juu ya maji. Hapo nitakuwa wa kwanza garini.

22:04 Swaleh: Mimi sitaki kitovu, nataka michirizi ya nyota.

22:10 Kombo: Michirizi ya duara huku kwetu hupati duara zima, Swaleh. Tuko digrii 4 kusini ya ikweta. Ncha ya kusini ya anga iko digrii 4 tu juu ya upeo wa bahari, kwa hivyo wapata nusu duara, kama upinde wa mvua.

22:13 Swaleh: Hilo nalijua bwana. Nataka ile ya mashariki, nyota zinapanda wima kama nyuzi za kitanda. Ulaya hawaipati hiyo.

22:15 Fatma: Basi hata Gazi mashariki ipo. Andika "naja".

22:40 Bi Zainab: Chakula je? Mara ya mwisho mlirudi na njaa mkamaliza mahamri ya watu alfajiri

22:41 Mishi: khalati viazi karai 🙏

22:41 Bi Zainab: Viazi na ukwaju, au na pilipili ya embe?

22:43 Mishi: zote

22:50 Swaleh: Kama kuna viazi karai naja.

22:52 Fatma: Viazi sawa, lakini mwenye mafuta mikononi asiguse lenzi. Sasa gari. Kombo?

JUMANNE

06:12 Fatma: Kombo, gari?

12:48 Kombo: Nilikuwa kazini. Gari lipo ila nina maneno. Kwanza hatupiti feri. Tupite Dongo Kundu, Miritini mpaka Kibundani, tushike barabara ya Lunga Lunga. Na anayetaka kupita Likoni ajue Mtongwe kuna kambi ya wanamaji, kamera zisitoke begini.

12:50 Kombo: Pili, AC itazimwa tukifika Msambweni... samahani, Gazi ni kabla ya Msambweni, itazimwa tukivuka Ukunda. Kamera ikitoka kwenye baridi ya gari ikakutana na hewa ya pwani, kioo kinafanya ukungu papo hapo, na ukifuta warudi uleule mpaka lenzi ipate joto. Vioo vya gari viwe wazi nusu saa ya mwisho, kamera zikae ndani ya begi lililofungwa.

12:51 Kombo: Tatu, tripodi yangu haikopeshwi mtu.

13:05 Ami Hamisi: Hilo jiwe naona limerushwa kwangu.

13:09 Kombo: Shikamoo ami. Sijataja mtu.

13:11 Ami Hamisi: Marahaba. Hukutaja lakini wote wajua. Tripodi ilirudi safi.

13:20 Kombo: Ilirudi imefutwa kwa nje, ami. Chumvi iko ndani ya viungo. Tripodi ikiingia maji ya bahari huoshwa kwa maji baridi ya bomba siku ileile: unavuta miguu yote, unafungua kila kifungio, unatoa zile plastiki za ndani, unasuuza mchanga, unaanika kivulini, kisha grisi kidogo kwenye nyuzi. Ikikaa wiki na chumvi, alumini inafanya unga mweupe na mguu hauvutiki tena. Mguu mmoja mpaka leo umegoma.

13:22 Fatma: Na ile mia tano ya mafuta ya safari ya Marafa.

13:23 Ami Hamisi: Ah! Sasa mwafufua maiti.

13:24 Fatma: Na taa za gari.

13:31 Ami Hamisi: Taa niliwasha mara moja tu!

13:33 Swaleh: Ami, mara moja ndiyo ilotosha 😂 picha 140 za michirizi, katikati korongo lote jeupe kama uwanja wa mpira

13:34 Bi Zainab: Hamisi alikuwa atafuta kiatu

13:34 Mishi: 😂😂😂 kiatu cha ami

13:36 Swaleh: Kiatu kilipatikana lakini?

13:40 Fatma: Jamaa, nina watu wawili tu walioandika na ni Jumanne. Tochi ni nyekundu pekee, ya kichwani. Kama huna, funga karatasi nyekundu ya peremende juu ya tochi, tabaka mbili tatu. Macho yachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwangaza mmoja mweupe unairudisha hesabu mwanzo kwa kila mtu aliyepo.

13:41 Fatma: Na simu zote mwanga chini kabisa.

16:02 *Ujumbe huu umefutwa*

16:03 Fatma: Rama umefuta nini? Unakuja au huji?

20:17 Babu Bakari: Marahaba wajukuu zangu nyote. Nimesomewa maneno yenu na Zainab. Jumamosi baada ya isha ni hitma ya marehemu bibi yenu, hapa nyumbani. Sitaki kuona mikeka mitupu. La pili, pwani ya Gazi ina wenyewe. Vile vyombo ni riziki ya watu, si mapambo. Mufike mchana, mutoe salamu kwa wavuvi, muulize chombo gani hakitoki usiku huo. La tatu, kusi halijatulia bado. Mukiona wingu jeusi latoka baharini upande wa kusini, funikeni vitu vyenu mukae. Hupita.

20:19 Bi Zainab: Tumesikia baba.

20:19 Kombo: Tumesikia babu. Allah amrehemu.

20:20 Ami Hamisi: Amin.

20:20 Swaleh: Amin. Jumamosi nipo, babu.

20:22 Mishi: amin

20:44 Fatma: Shikamoo babu. Amin. Jumamosi tuko mbele yako, inshallah.

21:30 Fatma: Jamaa, basi ni Ijumaa tarehe 14. Kusogeza mbele haiwezekani: Jumamosi ya 22 mwezi utakuwa umepita nusu na hautui mpaka usiku wa manane umepita. Ijumaa mwezi unatua saa mbili na dakika chache, afadhali hata kuliko Jumamosi.

21:41 Fatma: Na maji, hili lisikilizeni vizuri kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Hili ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Ijumaa maji yanajaa mnamo saa kumi na mbili kasoro jioni, kisha yanapwa mpaka karibu saa sita usiku. Magharibi ngalawa zitakuwa zinaelea, na chombo kinachoelea kwenye picha ya sekunde 15 kinatoka kama moshi. Hakuna ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) wala lenzi itakayokuponya. Kwa hivyo kuanzia magharibi mpaka saa moja u nusu tunapiga mwangaza wa machweo, maji na mikoko. Kuanzia mnamo saa tatu u nusu ngalawa zinaanza kukaa juu ya mchanga. Hapo ndipo kazi ya nyota inaanza. Mtu asikimbilie mapema.

21:44 Swaleh: Na saa nne kitovu kiko wapi?

21:49 Fatma: Kama digrii 57, kusini-magharibi. Msalaba wa Kusini utakuwa ushatua, lakini zile nyota mbili angavu zinazoufuata bado ziko juu ya upeo, na Njia Nyeupe inapanda kutoka hapo mpaka kwenye Nge, wima. Kamera isimame kwa urefu. Lenzi ya milimita 16 kwenye sensa kamili inakupa kutoka mchanga mpaka karibu utosini. Ya 24 utalazimika kupiga mbili, ya chini na ya juu, ziingiliane theluthi moja. Mwenye lenzi nyembamba zaidi asubiri saa tano u nusu, kitovu kimeshuka hadi digrii 40 hivi.

21:55 Mishi: da fatma simu yangu itaweza?

22:03 Fatma: Itaweza. Tumia lenzi kuu, ile pana zaidi iache, tundu lake dogo. Sehemu ya "pro": ISO 1600 mpaka 3200, sekunde 15, fokasi peleka mwisho kabisa kwa mkono, saa ya kuchelewesha sekunde 3. Kama ina RAW, yaani picha ghafi, washa. Na lazima isimame juu ya kitu, hata mfuko wa mchanga.

22:06 Kombo: Fokasi ndiyo inaua watu. Ile alama ya mwisho kwenye pete ya lenzi si ya kuaminiwa. Lenga nyota angavu, ile nyekundu ya moyo wa Nge yafaa, kuza kwenye skrini mara kumi, zungusha polepole mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika tepu kwenye pete. Zima fokasi ya otomatiki na zima kitulizaji cha lenzi, kwa sababu juu ya tripodi kitulizaji chenyewe ndicho kinachotikisa. Saa tano angalia tena, hewa ikipoa fokasi inasogea.

22:08 Swaleh: Sekunde ngapi kwa 24?

22:11 Kombo: Mia tano gawa kwa 24, sekunde 20. Mimi sizidishi 12 kwenye kamera za siku hizi, pikseli ni nyingi, zinaonyesha kila mvuto. Tena kwetu nyota zilizo utosini ndizo zinazokwenda mbio kuliko zote, ikweta ya anga inapita juu ya vichwa vyetu.

22:14 Fatma: Sekunde 12, tundu la lenzi f/2.8, ISO 3200, picha 16 mfululizo bila kugusa tripodi. Kisha funika lenzi piga 10 nyeusi kwa mipangilio ileile. Ukiziunganisha kwenye programu ya Sequator, ni ya bure, ile chenga ya punje punje kwenye picha inashuka hadi robo. Anayepiga mara moja na kuongeza ISO 12800 asije kunilalamikia.

22:16 Swaleh: Wa michirizi je? Mimi naacha saa nzima.

22:18 Kombo: Wewe zima ile kazi ya kamera ya kuondoa chenga kwenye picha ndefu, isije ikakuachia mapengo. Na betri mbili.

22:30 Bi Zainab: Mbu wa mikokoni wapakieni dawa kabla hamjashika kamera

22:32 Fatma: Ahsante khalati, hilo ni kubwa. Dawa nyingi za mbu zina DEET, inalainisha plastiki na raba za kamera. Pakeni miguuni na shingoni, viganja mvioshe kwa sabuni.

JUMATANO

07:05 Fatma: Waliothibitisha Ijumaa: mimi, Mishi. Swaleh?

07:50 Swaleh: Naja, ila nachukuliwa wapi? Kutoka Mtwapa nikifika Majengo ni saa nyingi.

07:52 Fatma: Miritini saa nane na nusu baada ya sala ya Ijumaa. Tufike Gazi kabla ya saa kumi na moja. Babu amesema mchana.

09:14 Rama: Mimi naweza kuja na drone?

09:15 Fatma: Inataka kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Unacho?

11:40 Rama: 🙂

12:30 Kombo: Fatma, Ijumaa zamu yangu yaisha saa kumi. Nimeomba kubadilishana na mwenzangu, hajanijibu.

12:31 Fatma: Kumi tumechelewa. Nani mwingine ana gari?

14:20 Fatma: Nani mwingine ana gari?

17:02 Ami Hamisi: Langu lipo. Nitaendesha mimi.

17:03 Swaleh: 👀

17:04 Mishi: ami na taa???

17:09 Kombo: Ami, nakuomba jambo moja. Fyuzi ya taa ya ndani itolewe kabla hatujaondoka, na gari ligeuzwe lielekee barabarani tukifika, nyuma ndiyo itazame pwani. Hapo hata likiwashwa hakuna anayeumia.

17:15 Ami Hamisi: Fyuzi nitaitoa mwenyewe. Mafuta je, nani anatoa?

17:16 Fatma: Kila mtu mia tano.

17:17 Fatma: Na ya Marafa ami.

17:40 Ami Hamisi: Nimetuma mia tatu. Iliyobaki mshahara ukiingia.

17:41 Fatma: Imefika, shukran ami.

18:26 Babu Bakari: Nimempigia mwenzangu wa zamani Gazi. Yuwasema muende ofisi ya BMU kwanza, ile kamati ya wavuvi inayosimamia pwani. Kuna ngalawa mbili za mkwewe ziko matengenezoni, hazitoki. Hizo mwaweza.

18:27 Fatma: Shukran sana babu. Ngalawa zenyewe ziko upande gani wa pwani, wamejua? Zikiwa juu sana kwenye mchanga mkavu nitabadilisha saa.

19:50 Kombo: Mwenzangu amesema atanijibu kesho.

19:52 Fatma: Haya. Gari ni la ami mpaka Kombo apate jibu. Wengine kumi na tano mliosoma, nawasubiri mpaka kesho adhuhuri.